Vitisho vya Pullman: Wahudumu wa Treni na Miaka 12 ya Kusaka Mkataba

Usiku wa tarehe 25 Agosti 1925, watu wapatao 500 walijaa katika ukumbi wa Elks, eneo la Harlem jijini New York. Wengi wao walikuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, na walijua fika kwamba mashushushu wa kampuni walikuwamo humo humo ukumbini. Msemaji mkuu alilijua hilo pia. Kwa hiyo msemaji huyo, A. Philip Randolph, aliendesha kikao chote peke yake: aliomba dua, akaongoza wimbo, akahutubia, akatoa hoja, akaipitisha, kisha akafunga mkutano. Hakuna mhudumu aliyetakiwa kufungua kinywa. Shushushu aliyetoka pale kwenda kutoa taarifa alikuwa na jina moja tu la kupeleka, nalo lilikuwa la mtu ambaye Pullman haikuwahi kumwajiri na hivyo isingeweza kumfukuza.

Kesho yake wahudumu zaidi ya 200 walipita ofisini kwa Randolph kujiandikisha. Ndivyo kilivyoanza chama cha Brotherhood of Sleeping Car Porters, ambacho wanachama walikiita Brotherhood tu. Kilitumia miaka 12 kabla ya kupata mkataba wake wa kwanza wa hali bora za kazi, na katika miaka 10 ya mwanzo kampuni haikukubali hata kuketi nacho meza moja. Muda huo Pullman iliutumia kuwatisha wafanyakazi wake kwa kila njia iliyokuwa halali na nyingine ambazo uhalali wake ulitiliwa shaka. Mazungumzo yenyewe, yalipokuja, yalichukua miaka miwili. Sehemu kubwa ya historia ya chama hiki ni ya yale yaliyotokea kabla ya mazungumzo.

Vitisho hivyo visingekuwa na nguvu kama kazi yenyewe isingekuwa na mvuto. George Pullman alianzisha kampuni yake mwaka 1867, miaka miwili baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kumalizika, na akaamua kwamba wahudumu wa mabehewa yake ya kifahari watakuwa wanaume Weusi, wengi wao waliotoka utumwani juzi tu. Miaka ya 1920 ilipofika, wahudumu walikuwa zaidi ya 10,000, na hakuna kampuni binafsi nchini humo iliyoajiri Weusi wengi kuliko Pullman. Kati ya 1897 na 1911 rais wake alikuwa Robert Todd Lincoln, mtoto wa yule Abraham Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa. Kampuni haikuchoka kuwakumbusha Weusi fadhila hiyo.

Mshahara ulikuwa dola 67.50 kwa mwezi. Ili kuupata, mhudumu alipaswa kufanya kazi saa zipatazo 400 au kusafiri maili 11,000, lolote litakalotangulia. Alifika stesheni saa kadhaa kabla ya treni kuondoka ili atandike vitanda, afute vumbi na kupokea abiria na mizigo yao, na muda huo haukuhesabiwa. Malipo yalianza magurudumu yakianza kuzunguka. Usiku abiria wakilala, alikusanya viatu vyao chini ya vitanda, akaenda kuving'arisha kwa kiwi aliyoinunua kwa fedha yake. Akibahatika, aliiba usingizi wa saa tatu kwenye kochi la chumba cha wavuta sigara. Taulo likipotea, alikatwa. Chakula alijinunulia. Kilichobaki alikitafuta kwenye bakshishi, na ili apate bakshishi ilimbidi atabasamu hata pale abiria alipomwita "George", jina la mwenye kampuni, kama vile enzi za utumwa mtu alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Pamoja na hayo yote, katika mitaa ya Weusi ya Chicago, Oakland au Washington, mhudumu wa Pullman alikuwa mtu wa heshima. Alivaa sare safi, aliona miji mikubwa, alileta magazeti kutoka kaskazini, alisomesha watoto. Nje ya reli, mwanamume Mweusi mwenye elimu kama yake angeweza kuishia kubeba zege au kufagia barabara. Kampuni ililifahamu jambo hilo kuliko mtu yeyote. Mwajiri anayemtisha mtu asiye na cha kupoteza anapoteza muda wake. Pullman ilikuwa na watu wenye nyumba za mkopo, viti vya mbele kanisani na watoto vyuoni.

Kitisho cha kwanza kilikuwa masikio. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa ikipakia ndani ya treni wapelelezi waliojifanya abiria, ili kumnasa mhudumu aliyesinzia au aliyeweka nauli mfukoni. Chama kilipozaliwa, kazi ya wapelelezi iligeuzwa kuwa kusaka wanachama, na baadhi ya wahudumu wenyewe wakanunuliwa kuwataja wenzao. Brotherhood lilijibu kwa usiri: orodha za wanachama zilifichwa, ada zilikusanywa chini kwa chini, na wasemaji wa hadharani wakawa wale ambao tayari hawakuwa kwenye daftari la mishahara. Huko Chicago, ngome kuu ya kampuni, uongozi ulishikwa na Milton Webster, mhudumu wa zamani ambaye Pullman ilikwisha kumtimua.

Kitisho cha pili kilikuwa barua ya kufukuzwa, na hicho hakikubaki maneno. Ashley Totten, mmoja wa waliomwita Randolph kuongoza chama, alipoteza kazi. C. L. Dellums wa Oakland alifukuzwa, akabaki mjini kuongoza tawi. Katika mji huohuo wa Oakland, mzee Morris Moore, ambaye kila mtu alimwita Dad Moore, alikuwa mstaafu akiishi kwa pensheni ndogo ya kampuni. Aliposimama na chama, pensheni ikakatwa. Kampuni ilitaka mifano hiyo ionekane. Brotherhood nalo lilitaka ionekane, ila kwa maana nyingine. Jarida la Randolph, The Messenger, liliwasimulia wasomaji wake yaliyowapata waliofukuzwa, na pale fedha zilipokuwapo, aliyefukuzwa alipewa kazi ya kuandikisha wanachama. Kwa kila aliyefukuzwa hivyo, kampuni ilikuwa imekipa chama mtu asiye na hofu tena ya kufukuzwa.

Kisha walikuja Wafilipino. Kuanzia 1925 Pullman iliwaajiri kama wahudumu wa mabehewa ya mapumziko, nafasi zilizokuwa na bakshishi nono, na ujumbe kwa Weusi haukuhitaji kuandikwa ubaoni: mkileta chokochoko, kazi hii ina wengine. Jibu la kwanza la chama halikuwa la kujivunia, kwani baadhi ya maandishi yake yaliwashambulia Wafilipino wenyewe kama wageni waliokuja kuiba riziki. Ilichukua miaka kwa chama kuona kwamba kampuni ilikuwa ikiwatumia watu wa rangi mbili kutishana, na hatimaye kikawafungulia mlango wajiunge.

Hofu nyingine haikutoka kwa msimamizi wa kazi. Ilitoka mimbarini na magazetini. Pullman ilikuwa mfadhili wa hospitali na vituo vya vijana vya Weusi mjini Chicago, na ilinunua matangazo kwenye magazeti yao. Matokeo yake, wachungaji wengi waliwahubiria waumini juu ya shukrani kwa kampuni iliyowatoa mashambani, wakakataa makanisa yao yatumike kwa mikutano ya chama. Gazeti kubwa la Chicago Defender lilikuwa upande wa kampuni. Randolph aliitwa mtu wa nje, asiyewahi kutandika kitanda kimoja cha treni, tena mjamaa aliyewahi kukamatwa mwaka 1918 kwa kupinga vita. Hayo yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalihitaji jibu zuri.

Jibu lilianza na mwanamke ambaye hakuna aliyeweza kumwita kibaraka wa mtu. Ida B. Wells, mwandishi aliyejijengea jina kwa kufichua mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu, alimfungulia Randolph milango ya Chicago mwishoni mwa 1925. Alimkaribisha nyumbani kwake azungumze na wanawake wa klabu yake, wakati milango mingi ya mji ilikuwa imefungwa. Miaka miwili baadaye Defender lenyewe liligeuka na kuanza kukiunga mkono chama. Wasomaji walikuwa wamechoka, na wahudumu ndio waliokuwa wakilisambaza gazeti hilo hadi vijiji vya kusini.

Ujanja uliokaribia kukiua chama ulikuja na sura ya ukarimu. Tangu 1920 kampuni ilikuwa na mpango wake wa uwakilishi wa wafanyakazi, kwa maneno mengine chama cha mfukoni: wajumbe walichaguliwa, walikutana na wakubwa, walizungumza, na neno la mwisho likabaki kwa kampuni. Mapema 1926, Brotherhood likiwa na miezi michache tu, Pullman iliitisha kikao cha mishahara na wajumbe hao na kutoa nyongeza ya takriban asilimia 8. Baadaye mwaka huohuo ikaendesha uchaguzi wa wajumbe, na wahudumu wakapelekewa kura huku msimamizi akiangalia nani amepiga na nani hajapiga. Idadi kubwa ilipiga. Kampuni ikachukua takwimu hiyo na kuipeleka serikalini kama ushahidi kwamba watumishi wake wameridhika na kwamba Randolph hamwakilishi yeyote.

Brotherhood halikuwaambia wanachama wake wajitoe mhanga kwa kukataa kura. Liliwaomba waeleze kwa kiapo jinsi walivyolazimishwa. Mamia ya viapo yalikusanywa na kupelekwa kwa Bodi ya Usuluhishi iliyoundwa chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya 1926. Kuhusu nyongeza, chama kilikuwa na hoja rahisi ambayo kila mhudumu aliweza kuirudia kijiweni: kabla hatujajipanga hamkutoa kitu, tumejipanga miezi michache mmetoa asilimia 8, je tukikaza?

Mzigo mkubwa wa kupambana na hofu ulibebwa na wanawake, maana mume alikuwa safarini na kitisho kilibisha hodi nyumbani. Mke ndiye aliyejua kodi ya nyumba inalipwa lini. Mjini Washington, Rosina Corrothers Tucker, mke wa mhudumu, alifanya nyumba yake kuwa kituo cha chama. Alitembelea nyumba za wahudumu wapatao 300, akipokea ada, akigawa vijarida, akizungumza na wake waliotaka waume zao wajitoe kabla mambo hayajaharibika. Kwa kuwa hakuwa mwajiriwa, ungesema hana cha kupoteza. Kampuni ilikipata cha kumtishia: ikamwondoa mume wake kwenye safari yake ya kawaida.

Bi Tucker hakuandika barua. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa msimamizi, katika mji ambao mwanamke Mweusi hakutarajiwa hata kuketi bila kuombwa. Aligonga meza, akamwambia msimamizi yule kwamba yeye hafanyi kazi Pullman, kwamba anayoyafanya nyumbani kwake hayamhusu mtu wa kampuni, na kwamba hana haki ya kuyachanganya na kazi ya mumewe. Akataka mumewe arudishwe, akaondoka. Mumewe alirudishwa. Habari hiyo ilisafiri kwa kasi ileile ya treni, kwani wahudumu walikuwa mtandao wa habari wa nchi nzima, na kila aliyeisikia alijifunza jambo ambalo hotuba kumi zisingemfundisha: msimamizi naye anatishika.

Mwaka 1928, mjini St. Louis, mhudumu kijana kutoka Montgomery, Alabama, alikwenda kumsikiliza Randolph. Jina lake E. D. Nixon. Alipofika nyumbani, msimamizi alimweleza kwamba amesikia alikuwa kwenye mkutano, na kwamba watu wa namna hiyo hawatakuwa na kazi muda mrefu. Kwa mujibu wa Nixon mwenyewe, aliyelisimulia tukio hilo mara nyingi uzeeni, alimjibu kwamba ni kweli, tena amekwisha kujiunga, na atakayegusa kazi yake atakutana naye mahakamani. Alikuwa amebahatisha, kwa kuwa wakili hakuwa naye. Lakini hakufukuzwa.

Mwaka huohuo chama chenyewe kilibahatisha na kikaumia. Usuluhishi ulikuwa umekwama kwa sababu kampuni ilikataa kukaa na msuluhishi na Brotherhood pamoja. Sheria ilimruhusu Rais wa Marekani kuunda bodi maalumu iwapo mgogoro ungehatarisha usafiri, kwa hiyo Randolph aliamua kutishia mgomo ili rais alazimike kuingilia. Kura ilipigwa: 6,053 waliunga mkono, 17 walipinga. Mgomo ukapangwa kuanza tarehe 8 Juni. Pullman ikatangaza kuwa ina watu wa kutosha wa kujaza nafasi zote, na Bodi ya Usuluhishi ikayakubali maneno hayo, ikasema hakuna dharura. William Green, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL, akamshauri Randolph aahirishe. Saa chache kabla ya muda kufika, mgomo ukaahirishwa, na haukufanyika tena.

Kitisho kisicho na nguvu nyuma yake humrudia aliyekitoa. Wanachama walihisi wamedanganywa, na wengi waliacha kulipa ada. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukamalizia kazi: matajiri walipunguza safari, mabehewa yakakaa tupu, na kila mhudumu aliyebaki kazini aliwaona wasio na kazi wakipanga foleni ya supu. Ofisi kuu ya Harlem ilikatiwa umeme, kisha chama kikatolewa nje kwa kushindwa kulipa kodi. The Messenger lilikufa. Kufikia 1933 wanachama waliolipa ada walikuwa 658 tu. Kuna simulizi, iliyorudiwa sana miongoni mwa wazee wa chama, kwamba katika miaka hiyo Randolph alitumiwa hundi isiyojazwa kiasi ili ajiandikie atakacho na kuondoka, naye akairudisha. Kilicho wazi ni kwamba aliishi kwa kipato cha mke wake, Lucille, na kwamba viatu vyake vilitoboka.

Kilichokiokoa chama ni sheria, lakini sheria nayo haikudondoka kutoka mbinguni. Serikali ya Franklin Roosevelt ilipoanza kutunga sheria za kulinda vyama, wahudumu waligundua kwamba kampuni ya mabehewa ya kulala ilikuwa imeachwa nje ya kinga mpya kwa hoja kwamba si kampuni ya reli. Randolph na wenzake walikwenda Washington kushawishi, na marekebisho ya Sheria ya Kazi za Reli yaliyotiwa saini Juni 1934 yakaitaja. Sheria ikapiga marufuku vyama vya mfukoni vinavyofadhiliwa na mwajiri, na ikawapa wafanyakazi haki ya kuchagua mwakilishi kwa kura ya siri inayosimamiwa na serikali.

Pullman haikukata tamaa. Mpango wa zamani ulipokatazwa, ulichipuka "chama huru" kipya cha wahudumu chenye sura zilezile za zamani, kikaingia kwenye kinyang'anyiro. Wasimamizi walinong'ona tena kuhusu nafasi za kazi. Lakini safari hii karatasi ya kura haikupita mikononi mwao. Matokeo ya Juni 1935 yalikuwa kura 5,931 kwa Brotherhood dhidi ya 1,422. Ni wahudumu walewale ambao miaka tisa nyuma walikuwa wamepiga kura walivyoagizwa.

Julai 1935 wakubwa wa Pullman waliketi kwa mara ya kwanza na Randolph, Webster na wenzao. Walikuja wakiwa na matumaini ya mwisho: kwamba Mahakama Kuu ya Marekani, iliyokuwa ikizibatilisha sheria za Roosevelt moja baada ya nyingine, ingeibatilisha na hii. Kwa hiyo mazungumzo yalivutwa. Kampuni ilisikiliza, ikaahirisha, ikaomba muda, ikasikiliza tena. Tarehe 29 Machi 1937 mahakama iliiunga mkono sheria ya reli. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Agosti, siku ambayo chama kilitimiza miaka 12, Pullman ilitia saini mjini Chicago. Saa za kazi zilishuka kutoka karibu 400 hadi 240 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kilipanda hadi dola 89.50. Muda wa maandalizi ukahesabiwa. Na kwa mtu aliyeishi chini ya vitisho, kifungu kilichokuwa na uzito kuliko fedha ni kile kilichosema kwamba mhudumu hafukuzwi bila kusikilizwa, chama kikiwa pembeni yake.

  

Matunda ya kile kifungu cha 1937 yalionekana Montgomery. Rosa Parks alipokamatwa ndani ya basi tarehe 1 Desemba 1955, aliyekwenda kumdhamini alikuwa E. D. Nixon, wakati huo mkuu wa tawi la Brotherhood mjini humo na bado mhudumu wa Pullman. Aliwapigia simu viongozi wa dini kuwaita kwenye kikao cha kesho yake, lakini hakuhudhuria. Treni yake ilikuwa na ratiba, naye alikuwa zamu. Mgomo wa mabasi uliofuata ulidumu siku 381, na waajiri wa kizungu walishinikizwa kuwaadhibu wahusika. Rosa Parks, aliyekuwa akishona katika duka kubwa la mjini, alipoteza kazi yake Januari 1956. Nyumba ya Nixon ilirushiwa bomu tarehe 1 Februari. Kazi yake Pullman haikuguswa.